Mlima wa Shusha Abiria

Kabla sijaliona ziwa nililijua kwa pua. Lilitupandia mlimani ndani ya lori, kwenye magunia ya usipa, dagaa wa ziwani, waliokaushwa juu ya mchanga wa Mbamba Bay, na upepo ukiwa upande wetu harufu ilifika kabla ya mlio wa injini. Tulikuwa shambani tukipalilia, na mara mama aliinua uso, akavuta hewa kama mtu anayeonja mchuzi, kisha akasema, "Wanyasa wanapanda." Hapo jembe langu lilikuwa limeshaanguka. Nilikimbia na watoto wenzangu hadi kwenye ukingo wa barabara, tukasimama tukingoja lile lori lijitokeze kwenye kona, jekundu kwa vumbi wakati wa kiangazi, jekundu kwa tope wakati wa masika, na juu yake watu waliokaa kwenye magunia kama wamezaliwa humo. Kwangu mimi hapakuwa na kitu kizuri duniani kuliko barabara ile. Ilitoka Mbinga mjini, ikazunguka milima yetu yenye kahawa na migomba, ikapita kijijini kwetu, halafu ikainama ghafla kama mtu aliyedondosha kitu, ikaenda chini, chini, hadi mahali nilipoambiwa kwamba kuna joto usiku na mchana, watu wanakula mihogo, na maji hayana ng'ambo.

Hayo ni ya miaka ya tisini, miaka ya ruksa ilipokuwa imekolea. Zamani, walisema wakubwa, lori lilikuwa la chama cha ushirika tu. Lilikuja msimu wa kahawa, likabeba, likaondoka, na mwaka mzima barabara ikabaki ya mbuzi. Sasa wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa, na kila mwenye gari, hata lile la kufungwa kwa waya, alijiita mfanyabiashara. Waliopanda walileta usipa, chumvi, sabuni na mitumba. Walioshuka walipeleka mahindi na maharage. Watu wa Kingerikiti na wa Tingi walikuwa wakibeba mizigo yao kichwani kuja kuyasubiri magari, na kijiji chetu, ambacho hakikuwa na kitu ila kanisa, shule na baridi, kikapata kigenge cha chai na maandazi. Lakini neema hiyo ilikuwa ya kiangazi. Mvua zikianza, kila kitu kiliamuliwa na mlima mmoja ulio chini kidogo ya nyumba yetu. Magari yaliyopanda yalikuwa yakifika hapo yakinguruma na kurudi nyuma, na dereva akatoa kichwa dirishani, akapiga kelele, "Shukeni!" Abiria walishuka, wakapanda kwa miguu, wazee na wajawazito, viatu mkononi. Ndiyo maana mlima ule ukaitwa Shusha Abiria, na jina lake la asili silijui hadi leo.

Baba yangu alikuwa mtu pekee kijijini aliyeichukia barabara ile. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mrefu, mpole, mwimbaji wa sauti nene kanisani, na mkulima ambaye shamba lake la ngolo, kilimo chetu cha mashimo ya mteremkoni, lilipendeza hata padri alisimama kulitazama. Ila usipa hakuwagusa. Mama akiwapika, baba alikula ugali wake na maharage, na pale kwenye sengu, ambapo wanaume wa ukoo walikula pamoja na kuzungumza mambo ya familia, bakuli la usipa lilipitishwa mbele yake bila yeye kunyoosha mkono. Sababu alinieleza mama. Baba alikuwa na dada mmoja tu, shangazi Anjelina, aliyeolewa ziwani kabla mimi sijazaliwa. Akashuka na mumewe wakati wa kiangazi akiimba. Masika yalipofika akashikwa na uchungu wa uzazi, ukamzidi, hakukuwa na gari la kuupanda ule mlima kumfikisha hospitali, na mjumbe aliyetumwa kuja kumwita baba alifika kwetu akiwa na tope hadi kiunoni. Baba alishuka kwa miguu, akavuka mito iliyofurika kwa kushikilia kamba. Alipofika chini, kaburi lilikuwa limeshaanza kuota nyasi. Tangu siku hiyo alikuwa na neno lake moja: "Barabara ile inajua kuchukua. Kurudisha haijui."

Sasa fikiria mtu huyo, halafu binti yake wa kwanza ampende Mnyasa. Dada yangu Kresensia alikuwa na macho ya kucheka na mdomo usiocheka; ukimchokoza alikutazama mpaka ukajuta. Lukasi alikuwa kijana wa Mbamba Bay aliyepanda na magunia ya usipa kila wiki, akauza pale kwenye kigenge, na mimi nilianza kushuku pale nilipoona kwamba kwetu anapima kwa bakuli kubwa kuliko kwa jirani. Alikuwa mfupi, mweusi wa jua la ziwani, mwenye adabu ya kupitiliza. Alimwamkia baba "Shikamoo" kwa sauti kubwa kutoka mbali, kiasi kwamba baba hakuweza kujifanya hakusikia. Posa ilipoletwa, wazee walikaa kwenye sengu kutwa nzima. Sisi wanawake tulikuwa jikoni, masikio yakiwa nje. Hatimaye tukasikia sauti ya baba, ile ile ya kanisani.

"Kijana simkatai," alisema. "Ninaikataa njia. Kiangazi hata mto ni barabara. Basi arusi iwe Jumamosi inayofuata Pasaka, wakati mvua bado ipo. Gari la bwana arusi lipande Shusha Abiria bila mtu kushuka. Likipanda, nitajua kwamba na mwanangu siku moja litamrudisha. Likishindwa, posa yenu chukueni, na tusilaumiane."

Kila mtu alijua kwamba hakuna gari lililowahi kufanya hivyo katika masika. Ilikuwa ni kukataa kwa lugha ya kukubali, na Kresensia, aliyekuwa akichambua maharage karibu yangu, aliendelea kuchambua, ila nikaona kwamba anatupa mazima na kuacha mabovu.

Mama hakubishana na baba. Mama alikuwa mtu wa Namswea, na alituambia kwamba kwao mwanamke habishani na mlima, anaulima. Alipika togwa, akapika na pombe ya mahindi, akaita ngokela. Huo ndio ulikuwa utaratibu wetu: mwenye kazi kubwa huwaalika majirani, wakaja na majembe yao, wakafanya kazi huku wakiimba, wakala na kunywa kwake, na kesho naye akaenda kwao. Ngokela ya shamba tuliizoea. Ngokela ya barabara ilikuwa haijasikika, kwa kuwa barabara ilikuwa ya serikali, na cha serikali kilitengenezwa na serikali au kilingoja. Lakini walikuja. Walikuja wanawake wa kwaya, wakaja wa jumuiya, wakaja vijana wa kigenge, hata wale waliokuwa hawasalimiani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Kidole kimoja hakivunji chawa, alisema mama akigawa togwa, na ule ulikuwa mlima mzima. Baba peke yake alibaki nyumbani, akijifanya anachonga mpini.

Na hapa ndipo sisi Wamatengo tulipofanya kioja ambacho kabila lingine lisingeweza kukifanya hata kwa kulipwa. Tatizo la Shusha Abiria lilikuwa maji yaliyoteremka kutoka mlimani na kuilamba barabara. Na nani duniani anajua kuzuia maji ya mlimani kama sisi? Babu zetu walilima miteremko ambayo mbuzi anaipanda kwa kufikiri, na udongo wao hawakuupoteza. Basi kazi ikaenda kama tulivyozaliwa tukiiona. Wanaume walifyeka nyasi, wakazilaza kwa mistari ya kwenda juu na ya kukatiza, zikawa vyumba vyumba kama dirisha la wavu. Wanawake wakachimba katikati ya kila chumba na kuufunika udongo juu ya nyasi, na mlima wote ulio juu ya ile kona ukajaa mashimo mazuri, yaliyolingana, yakitazama mawingu. Hatukuishia hapo. Kwa wema wetu tukachimba mengine kwenye kingo za barabara yenyewe. Jioni tulisimama chini tukaitazama kazi ile, na ninakiri kwamba sijaona tena barabara iliyopendeza namna ile. Kuna bibi mmoja, nguvu ya mazoea, alikuwa ameshapanda maharage.

Mvua ikanyesha. Yale mashimo yakafanya kazi yake kwa uaminifu mkubwa: yakayakamata maji yote, yakayatunza, yakainywesha ardhi taratibu, siku baada ya siku. Shamba ndilo hutaka hivyo. Barabara, ambayo zamani maji yaliipita juu na kwenda zake, sasa ilikuwa inakunywa kutoka chini, na ngozi yake ikabaki nzuri huku tumbo likiwa uji. Lukasi alipopanda na lori kabla ya Jumapili ya Matawi, liliingia pale kwenye kona na kuzama mpaka magurudumu yakapotea. Dereva alishuka, naye akazama. Alitazama juu mlimani, akaona mashimo yamejaa maji yanametameta, akatazama chini, akaona majani mawili ya maharage yamechipua kwenye ukingo wa barabara.

"Jamani," alisema taratibu, "nani kalima barabara?"

Watu walicheka hadi wakashika magoti. Hata mama alicheka, ingawa machozi yake hayakuwa ya kicheko tu. "Tumeinywesha," alisema. "Tumeinywesha kama ndama." Lakini Kresensia hakucheka. Alikuwa amemwona baba amesimama juu, kwenye ukingo, akitazama lile lori lililozama. Baba aligeuka kurudi nyumbani, na mgongo wake ulikuwa mgongo wa mtu aliyeshinda kesi.

Dada yangu alimfuata, nami nikamfuata dada, kwa kuwa nilikuwa na tabia hiyo. Alimkuta kwenye baraza. Tope lilikuwa limemfika juu ya magoti, na jembe lilikuwa bado mkononi. Kwetu binti hakumsemesha baba yake amesimama. Kresensia alipiga magoti kwanza, tope na yote, kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo sijaisahau.

"Baba, shangazi hakuuawa na ziwa. Aliuawa na ile kona. Na tangu afe, hakuna mtu wa nyumba hii aliyeipelekea jembe. Mimi nikiwa kule chini, mtakuwa na sababu ya kuitengeneza kila mwaka. Nikibaki hapa, nani ataitengeneza?"

Mimi nilidhani baba atafoka. Aliangalia ule mpini aliokuwa akiuchonga tangu siku ya ngokela, akaupitishia kiganja. "Nilitaka ishindikane," alisema mwishowe, si kwa Kresensia hasa. "Mungu anisamehe, nilikuwa naiombea mvua." Akasimama, akaingia ndani. Nililia bila kujua nalilia nini.

Asubuhi yake tulipokwenda kulitoa lile lori, baba alikuwa ameshatangulia, na mkononi alikuwa na jembe lenye mpini mpya. Msomaji asiyekulia kwetu hatajua uzito wa jambo hilo. Kwenye ngolo kazi ya mwanamume ni nyasi. Udongo ni wa mwanamke. Mwanamume akionekana anafunika udongo katikati ya wanawake atatungiwa nyimbo hadi wajukuu wake wazisikie. Na kweli walimtungia papo hapo. Baba, mwenye sauti nene kuliko wote, akaitikia kiitikio cha wimbo uliomsimanga, na wanawake wakakosa la kuongeza. Siku zile za Juma Kuu tulivunja kile tulichokijenga. Matuta ya mashimo tuliyakata upande mmoja, maji yakaonyeshwa njia ya kutoka, tukachimba mtaro mrefu kandokando ya kona hadi bondeni, na yale mashimo ya kingoni tukayafukia kwa mawe yaliyobebwa kutoka mtoni. Mimi nilibeba mawe mpaka shingo ikauma wakati wa kuimba Aleluya. Ijumaa Kuu peke yake ndiyo tuliyopumzika, na baba alisema hata barabara inahitaji siku ya kumkumbuka Bwana.

Jumamosi ya arusi ilianza kwa manyunyu. Watu wote wa kijiji walikuwa kwenye kingo za Shusha Abiria, wamevaa nguo za Misa, miavuli na majani ya migomba vichwani. Harufu ya usipa ilitufikia kwanza, maana lori lile hata lipambwe maua lisingeacha kunuka kazi yake; kisha tukasikia vigelegele vya wanawake wa Kinyasa; kisha likatokea. Lilipita sehemu ya kwanza likinguruma vizuri. Lilipita palepale lilipozama. Hapo juu kabisa, karibu na mwisho, gurudumu la nyuma likaanza kuteleza. Utingo akaruka na gogo lake, akalizuia lisirudi nyuma, na dereva, kwa mazoea ya miaka, akatoa kichwa dirishani.

"Msishuke!" alipiga kelele mama kabla dereva hajafungua mdomo. Mama mzazi wa Lukasi, mwanamke mnene mwenye kitambaa cha njano, alijibu kutoka juu ya lori kwamba hata wakifa watafia hukohuko juu. Injini ikalia. Gurudumu likachimba. Lukasi, aliyekuwa mbele na suti yake, alikuwa amefumba macho. Kila mtu alimtazama baba, kwa kuwa neno lilikuwa lake, na mwenye kufunga ndiye mwenye kufungua.

Baba alivua koti lake la Misa, akanipa mimi nilishike. "Nyasi!" aliwaambia wanaume. Wakajua. Wakafyeka kandokando, wakazilaza mbele ya magurudumu, mistari ya kwenda juu na ya kukatiza, upesi kama wanakimbizana na jua. Kisha baba akaenda nyuma ya lori, akaweka bega kwenye ubao mchafu wenye magamba ya samaki. Mzee mmoja wa upande wetu, aliyependa sheria kuliko chakula, akamuuliza kama hilo halivunji masharti. Baba akajibu akiwa ameinama, "Nilisema asishuke mtu. Sikusema asisukume mtu." Wakacheka, wakamwagika nyuma ya lori wote, wanaume kwa wanawake, wa kwetu, na lori likapanda. Lilipofika tambarare, baba alikuwa na tope kuanzia nywele hadi viatu, na ndivyo alivyompeleka binti yake altareni. Padri alimtazama, akatabasamu, akaendelea na Misa. Kwenye karamu nilimwona baba akinyoosha mkono kwenye bakuli la usipa. Alichukua mmoja tu, akamtafuna polepole, na mama akageuka ili asionekane anavyofuta macho.

Kresensia alishuka na lori lile kesho yake. Kuanzia mwaka uliofuata, kila Juma Kuu likikaribia, baba aliita ngokela yake mwenyewe kuzibua ule mtaro, nao wakwe wa Mbamba Bay walikuwa wakipanda na majembe yao pamoja na usipa wa kitoweo. Dada alikuwa akija kutusalimu masika kwa kiangazi. Kabla hajakaa, kabla hajapewa maji, baba alimuuliza swali lilelile: "Mmeshuka?" Naye akajibu, "Hatukushuka, Baba." Hapo ndipo salamu ilipoanza.

Sasa barabara ni ya lami. Mlima umekatwa, kona imenyooshwa, kuna mitaro ya zege na vyuma vya pembeni vinavyong'aa usiku, na ninaistahi sana kazi hiyo. Waliojenga waliushinda mlima uliotushinda sisi. Kutoka Mbinga unaweza kunywa chai ya asubuhi na ukala samaki mbichi Mbamba Bay kabla njaa haijakuuma. Madereva vijana ukiwauliza Shusha Abiria ni wapi wanadhani ni kituo cha basi. Baba alipougua ugonjwa wake wa mwisho tulimpigia Kresensia simu asubuhi, na mchana alikuwa ameketi kitandani kwake ameushika mkono wake. Baba alikuwa haongei tangu jana yake. Alifumbua macho, akamtazama, midomo ikachezacheza, na sote tukajua anauliza nini. "Hatukushuka, Baba," dada alimwambia. Akafumba macho akiwa ametulia.

Masika yaliyopita nilikuwa nateremka na Kresensia, tukiwa na binti yake kwenye usukani. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Pale palipokuwa na ile kona tukaona maji yanakatiza juu ya lami, mekundu, maana mtaro wa zege ulikuwa umezibwa na matawi na chupa za plastiki. Magari yalikuwa yakipita juu ya maji yale kwa fahari, yakiyarusha pande zote, wala hakuna aliyesimama. Kresensia alimgusa mwanawe begani.

"Simama hapa," alisema.

"Kuna nini, Mama? Gari linapita tu hapa."

"Najua linapita," alisema dada yangu, akivua viatu. Akafungua mlango, nami nikafungua wa upande wangu, na tukashuka.